Amepatia au amechemsha? Namna ya kubishana kuhusu kava ya wimbo wa zamani

Huu ubishi ukikaa Mbeya utaukuta tu, iwe Kabwe, Mwanjelwa au stendi ya Uyole, na ukishuka Iringa pale Miyomboni ni uleule. Bajaji imepaki, spika ya nyuma inapiga wimbo wa wazee ulioimbwa upya na dogo fulani, mzee anasema huyu kauua wimbo, dereva anamjibu shikamoo mzee ila muziki wa sasa umekupita, basi hapo nusu saa inaondoka watu wanatajiana miaka ya kuzaliwa tu, na wimbo wenyewe hakuna anayeusikiliza.

Mimi ninachoona ni kwamba tunaangalia sana kilichoongezwa. Biti mpya, besi nzito, sauti imenyooshwa na kompyuta, basi wazee wanakasirika na vijana wanafurahi kwa sababu hiyohiyo moja. Angalia kilichotolewa. Kava nyingi zinaanguka hapo, kuna kitu produsa alikiona kirefu au cha kizamani akakikata, kumbe ndicho kilikuwa kimeubeba wimbo.

Kabla hamjaanza kubishana sawazisheni sauti kwanza. Namaanisha volyumu. Rekodi za Redio Tanzania enzi zile bendi nzima inakaa chumba kimoja inapiga moja kwa moja, maikrofoni za kuhesabu, sasa ukiipiga ile halafu ukafuatisha ya mwaka huu iliyosukumwa mpaka mwisho, ya mwaka huu itashinda tu, sikio la binadamu likisikia kubwa linaona ndio zuri. Kwahiyo shusha ya mpya mpaka zilingane. Na msipige kwenye spika ya simu jamani, besi ya zamani ilikuwa ya mtu na vidole vyake, kwenye simu haisikiki kabisa halafu mtu anakwambia wimbo wa zamani ulikuwa mwepesi.

Halafu sikilizeni wa zamani WOTE, hapa ndio watu wengi hawataki kazi. Nyimbo nyingi za dansi zilikuwa na vyumba viwili, kwanza hadithi inaenda taratibu, mtu analalamika au anaandika barua au anaonya mwenzake, halafu linakuja chemko, magitaa yanafunguka, tarumbeta zinajibizana, watu wanaamka. Kwenye santuri ndogo mara nyingi walikuwa wanaukata hapohapo, upande mmoja hadithi, ukigeuza unakuta upande wa pili ndio wa kucheza. Msanii wa leo ana dakika tatu. Anachukua kiitikio na ubeti wa kwanza, basi. Sasa jiulize, ule ubeti wa tatu uliokatwa ulikuwa unasema nini? Maana hawa wazee walikuwa na tabia ya kuweka kisa mwishoni, unakuta beti mbili mtu analia mkewe kaondoka, ya tatu ndio unagundua aliyekosea ni yeye. Ukiukata huo umebaki na kilio cha bure. Hapo mzee akisema "ameua" ana haki, ila mwambieni aseme hivyo, aseme ubeti gani, siyo kusema tu zamani ilikuwa zamani.

Chukua Malaika, huo kila mtu anaujua. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi ukasikika, japo nani hasa aliutunga ni ubishi wa miaka na miaka, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M wakaufanya disko mwaka 1981, Angélique Kidjo naye akaja na wa kwake. Wimbo ni wa kijana anayetaka kuoa na mali hana. Huku kwetu Rungwe mahari ni ng'ombe, kwahiyo mtu anauelewa haraka sana huo unyonge. Sasa Makeba ni mwanamke, na mwanamke hatoi mahari, kwa hesabu za kawaida kava ilitakiwa ife palepale. Haikufa. Kwa sababu hakuutoa unyonge, aliuacha wimbo ukawa mpweke vilevile, ukisikiliza unaona huzuni imehama tu kutoka kwa kijana ikaenda kwa anayesubiri kuolewa na haolewi. Boney M walibakiza melodi wakatoa unyonge. Unachezeka vizuri sana, kwenye sherehe mimi mwenyewe nitacheza, ila ukiniuliza kama wimbo umefika nitakwambia hapana, hakuna mtu anayekosa mke pale.

Kingine, hakikisheni mnabishania kava kweli. Salome ya Diamond ya 2016, ambayo Rayvanny wetu wa Mbeya yumo, watu walikuwa wanaipima na Maria Salome ya Saida Karoli kama vile dogo alijaribu kumwigiza mama akashindwa. Hapana. Pale kachukua mfupa akajenga nyumba nyingine, maneno mengi mapya, shughuli ya wimbo mpya. Wimbo wa hivyo unaupima kwa swali lingine, je, bila ule wa zamani unasimama? Mimi naona unasimama, ila kile kitu cha Saida, ile sauti ya Kagera inayopanda juu ya ngoma kama vile anamwita mtu wa ng'ambo ya mlima, hakimo na hakijatafutwa. Msigombane juu ya kitu ambacho hakikutafutwa.

Kuna yule ambaye kila kijiwe yupo, anayesema wimbo wa mtu haurudiwi, uachwe. Huyo mkumbushe tu Mungu Ibariki Afrika, melodi ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, 1897, sisi tumeweka maneno yetu na tunasimama wima. Atanyamaza kidogo.

Kwaya ni habari nyingine, na huku Nyanda za Juu Kusini huwezi kuikwepa, Moravian wapo Rungwe tangu 1891 na kila mtu ana tenzi kichwani. Kwaya ikirudia tenzi swali langu ni moja, benchi la nyuma linaimba? Siku hizi wanapandisha kii juu sana ili soloisti aonekane, wanaongeza madoido kila mstari, bibi aliyekuja na kitabu chake anabaki anafungua mdomo anafunga. Hapo kilichotolewa ni watu. Kinanda kipya hakina shida, gitaa halina shida, hata kuigeuza kwa Kinyakyusa au Kihehe poa kabisa, ila mkimtoa bibi kwenye tenzi mmetoa karibu yote.

Kwenye kubishana kwenyewe, mzee aanze. Siyo adabu tu, yeye ndiye anayekumbuka kilichokuwepo, kijana anasikia kilichopo. Mwulizeni "mzee, hapa pamepungua nini?" badala ya "unaonaje?", maana ukimwuliza unaonaje atakupa historia ya ujana wake mpaka chai ipoe, na kwa baridi la Juni hapa Mbeya inapoa haraka. Akisema zimepungua tarumbeta, rudisheni pale tarumbeta zilipokuwa msikie kama ni kweli zilikuwa na kazi. Saa nyingine utakuta hazikuwa na kazi, mzee alikuwa anazipenda tu. Na wewe dogo ukibanwa ukasema "ila biti kali", hiyo siyo hoja, biti kali inaweza kukaa chini ya wimbo wowote.

Na kama kijiweni yupo msanii anayetaka kurudia wimbo, mwambieni mapema aende COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, aulize mwenye haki ni nani. Sheria yetu inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Mbaraka Mwinshehe, yule mwanamuziki wa dansi, alifariki Januari 1979, kwahiyo hata alizotunga yeye bado zina mwenyewe, na "mbona ni wimbo wa zamani" haitakusaidia mtu akija kudai hela wakati wimbo umeshapendwa.