Jinsi ya kufuatilia ligi za Marekani bila kukesha: mwongozo wa shabiki wa juu juu

Wadau, huu mwongozo siyo wa wale wanaojua mpaka rebaundi za mchezaji wa akiba wa Sacramento, hao wana vijiwe vyao. Huu ni wa mtu anayependa michezo, ana Simba yake au Yanga yake, ana timu ya Uingereza inayompandisha presha, na sasa anasikia watu wanataja LeBron, Mahomes, Super Bowl, naye anataka kujua kinachoendelea bila kusinzia kazini. Mimi mwenyewe ni wa aina hiyo, nafuatilia nikipata nafasi, na nilichogundua ni kwamba ligi za Wamarekani zinamvumilia shabiki wa hivi kuliko mpira wetu. Ukikosa mechi tatu za Yanga watu wanakuona msaliti. Ukikosa mechi arobaini za Lakers, timu ya kikapu ya Los Angeles, hakuna kilichoharibika, bado zipo arobaini na mbili.

Jua kwanza mechi zipi zina uzito

Shika namba tatu tu: 17, 82, 162. NFL, yaani ule mpira wa helmeti, kila timu inacheza mechi 17 za msimu wa kawaida, moja kwa wiki, kwa hiyo kila mechi inauma. NBA, yaani kikapu, ni 82, Oktoba mpaka Aprili, na timu inaweza kufungwa mara kibao na bado ikabeba kombe, Denver Nuggets walikuwa mabingwa 2023 wakiwa wamefungwa mechi 29 kabla hata ya mtoano. Besiboli ni 162, wanacheza karibu kila siku, mimi sijui hao wachezaji wanaonana na familia zao lini.

Maana yake kwa wewe wa juu juu ni kwamba NFL unaangalia mechi nzima, NBA unaangalia hailaiti mpaka Aprili ifike, besiboli unasubiri Oktoba. Basi. Anayekwambia shabiki wa kweli lazima aangalie mechi ya Charlotte na Washington ya Jumanne ya Januari mwambie akupigie simu saa tisa usiku akuamshe.

Saa zetu na saa zao

Bongo wengi tunaingilia NBA, inaeleweka, viwanja vya kikapu vipo mitaani na jezi za Lakers na Bulls zimejaa Kariakoo, ila kwa saa zetu NBA ndiyo inayotesa kuliko zote. Mechi ya saa moja jioni New York, wakati wa baridi kwao, kwetu ni saa tisa usiku. Zile za Los Angeles na Golden State ndiyo zinaanza saa kumi na mbili asubuhi, ambazo kusema kweli siyo mbaya kama hauna haraka ya kutoka, unakunywa chai huku Curry wa Golden State anatupia tatu, lakini kama unapanda daladala saa hiyo sahau.

NFL ndiyo rafiki yetu na watu hawajashtuka. Jumapili mechi za kwanza zinapigwa saa saba mchana kwa saa za New York, kwetu ni saa mbili usiku mwezi wa tisa na wa kumi, halafu mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja Wamarekani wanarudisha saa nyuma na kwetu inakuwa saa tatu usiku. Umeshakula, umeshaoga, mechi za Uingereza zinaishia ishia, unabadilisha chaneli tu. Na zile zinazochezwa London mwezi wa kumi kwetu zinaanza saa kumi na nusu jioni kabisa. Ya kuepuka ni ile ya Jumapili usiku wao, hiyo kwetu ni Jumatatu alfajiri, na Super Bowl yenyewe, yaani fainali ya NFL, nayo bahati mbaya inaanza saa nane na nusu usiku kuamkia Jumatatu, kwa hiyo kama una likizo ya siku moja tu kwa mwaka ya kupoteza, iombe Jumatatu ya pili ya Februari.. au kwa usahihi zaidi Jumatatu inayofuata Jumapili ya pili, maana hizo mbili siyo lazima ziwe kitu kimoja.

NBA nao wana siku moja ya huruma, Krismasi. Wanapanga mechi tano siku hiyo na ya kwanza ni saa sita mchana kwao, kwetu saa mbili usiku, pilau limeshashuka. Kama hujawahi kuangalia kikapu laivu anzia hapo, wanaweka timu kubwa kubwa makusudi.

Mpira wa helmeti kwa dakika tano

Watu wanaukimbia huu mchezo kwa sababu wanaona watu wanaangukiana, filimbi, wanasimama, wanajadiliana kama kikao cha harusi, wanaangukiana tena. Kumbe kanuni ya msingi ni moja tu. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita tisa hivi. Ikifikisha, inaanza kuhesabu manne mapya. Isipofikisha, mpira unaenda kwa wapinzani palepale ulipo. Ndiyo maana jaribio la nne likifika wengi wanaupiga mbali kwa mguu ili mpinzani aanzie mbali, au kama wako karibu wanajaribu kuupitisha kati ya nguzo, hiyo ni pointi 3. Kuufikisha mpira kule mwisho ni tachidauni, pointi 6, na baada ya hapo wanaongeza 1 kwa mguu, au 2 wakithubutu kuuingiza tena. Ukiona kwenye kioo imeandikwa 3 halafu 7, maana yake jaribio la tatu, zimebaki yadi 7, hapo acha simu angalia.

Mtu wa kumtazama ni kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua aurushe kwa nani au ampe nani akimbie nao. Timu ikiwa na kwotabeki mzuri kila mwaka iko kwenye mazungumzo, ikiwa na mbovu hata ulinzi uwe chuma haifiki mbali. Kansas City walikuwa timu tu ya kawaida ya kuishia njiani, akaja Patrick Mahomes, makombe matatu.

Na kule kusimamasimama ndiyo kunanifurahisha mimi. Mechi ni dakika 60 lakini inachukua kama saa tatu, na kuna watu walishakaa wakahesabu wakakuta mpira wenyewe unachezwa kama dakika 11 tu, zingine zote ni kujipanga, marudio na matangazo ya magari. Kwa mtu wa juu juu hiyo ni neema. Unapiga pasi nguo za Jumatatu, unajibu meseji, ukisikia mtangazaji amepaza sauti unageuka na hujakosa kitu kwa sababu wataonyesha marudio mara nne.

Uelewe mfumo, la sivyo hasira za mashabiki hutazielewa

Hapa nitakaa kidogo maana ndiyo utamu wenyewe. Marekani hakuna kushuka daraja. Timu ikishika mkia haiendi popote, mwakani ipo palepale, tena inazawadiwa, kwa sababu kuna drafti, yaani vijana wapya wanagawiwa kwa zamu na timu mbovu zinatangulizwa. Matokeo yake kuna timu ikifika Februari inafungwa na wenyewe wala hawana huzuni. Ili kupunguza huo uhuni NBA wanachezesha bahati nasibu, na mwaka 2019 waliweka timu tatu za mwisho zote ziwe na nafasi sawa, asilimia 14 kila moja, ya kuchagua wa kwanza.

Na wachezaji hawauzwi kama mpira wetu kwa mamilioni ya euro, wanabadilishwa, mtu kwa mtu, au mtu kwa nafasi za drafti za miaka ijayo. Mara nyingi mchezaji mwenyewe haulizwi. Februari 2025 Dallas walimtoa nyota wao Luka Dončić kwenda Lakers wakachukua Anthony Davis, Luka ambaye miezi michache nyuma alikuwa amewafikisha fainali, dunia nzima ikadhani akaunti ya mwandishi aliyetoa habari hiyo imedukuliwa. Mashabiki wa Dallas wakawa wanaimba uwanjani meneja mkuu afukuzwe. Halafu Mei hiyohiyo bahati nasibu inachezeshwa, Dallas wana nafasi asilimia 1.8 tu, wakashinda, wakamchukua Cooper Flagg. Nilicheka peke yangu. Kwa hiyo kama muda wako ni mdogo kabisa, nakwambia hivi, wiki ya dirisha la kubadilishana mwezi wa pili na usiku wa drafti mwezi wa sita vinatosha kukupa stori za mwaka mzima hata kama hujaona kapu moja likifungwa.

Kwenye drafti na sisi tupo. 2009 Memphis walimchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, wa pili kwa ujumla, futi saba na inchi tatu. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba Stephen Curry. Ukisikia mtu kijiweni anasema Mtanzania alichaguliwa kabla ya Curry hajatia chumvi. Watu wanamcheka Hasheem kwa kuwa hakung'ara, mimi hapo huwa nabisha, jamaa aliushika mchezo akiwa na miaka kama 15 hivi wakati wenzake wamekulia uwanjani, kufika tu pale ni maajabu, waliokosea hesabu ni Memphis siyo yeye.

Kingine, timu inaweza kuhama mji. Siyo kuhama uwanja, kuhama mji! Mwenye timu akikosana na serikali ya pale kuhusu uwanja anafungasha. Seattle walikuwa na SuperSonics miaka na miaka, 2008 timu ikapelekwa Oklahoma City ikaitwa Thunder, na Thunder hao ndiyo mabingwa wa 2025. Fikiria Yanga wapelekwe Dodoma, wabadilishwe jina, halafu wachukue ubingwa wa Afrika, wewe uko Jangwani unaangalia kwenye tv. Wanaosalimika na hili ni Green Bay Packers wa NFL, mji mdogo tu wa watu kama laki moja, lakini timu ni ya mashabiki wenyewe wenye hisa, hakuna bilionea wa kuihamisha. Kwa sababu hiyo tu nilianza kuwaonea huruma wakifungwa.

Chagua mtu kabla ya timu

Kwa jinsi timu zinavyohamishwa na watu wanavyobadilishwa, mimi nashauri anza na mchezaji, popote anapoenda unaenda naye, ukija kuipenda timu sawa. Na wapo wa kwetu wa kuanza nao. Jonathan Kuminga kazaliwa Goma, akachukua ubingwa na Golden State 2022 akiwa na miaka 19. Bismack Biyombo ni wa Lubumbashi, 2022 alitoa mshahara wake wa msimu kujenga hospitali Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake. Wote wawili walichaguliwa wa saba kwenye drafti zao, kama Curry, sijui hiyo namba ina nini. Kabla yao alikuwepo Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki 2024, ukipata muda tafuta video za 1994 timu yake ya Denver ilipowatoa Seattle, walioshika nafasi ya nane wakiwatoa wa kwanza, mwisho Mutombo amelala chini ameukumbatia mpira analia kwa furaha. Huyu naye alijenga hospitali Kinshasa akaipa jina la mama yake.

Wakenya wana Daniel Adongo, mcheza raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts 2013 bila kuwahi kucheza ule mpira wa helmeti. Ujasiri huo!

Mtoano wa NBA, na usiku wake

Katikati ya Aprili ndipo unawasha tv. Kila hatua ni mechi saba, anayetangulia kushinda nne anapita, na hapo wachezaji waliokuwa wanapumzishwapumzishwa wanacheza kwa nguvu zote. Fainali za Juni zinaanza saa tisa na nusu usiku kwetu, kwa hiyo mbinu ni hii: lala mapema, zima taarifa za simu zote, usifungue WhatsApp kabisa maana kuna yule mmoja wa grupu la ofisini lazima aandike "yamekwisha", halafu asubuhi fungua YouTube ya NBA wenyewe wanaweka muhtasari wa kama dakika kumi, bando halilii sana. Ukitaka laivu basi amka saa kumi na moja na nusu, unakuta robo ya nne, na robo ya nne ndiyo mechi yenyewe.

Usishangae dakika mbili za mwisho kuchukua robo saa. Timu iliyo nyuma inamfanyia mpinzani faulo makusudi, saa inasimama, jamaa anarusha mipira yake miwili ya bure, akipata au akikosa, mara nyingi wao wanapata mpira upya. Inakera mwanzoni. Ukishaelewa wanachofanya inakuwa presha tupu, unahesabu sekunde na wewe.

Besiboli na hoki ya barafu sina mengi. Besiboli tangu 2023 wameweka saa ya kumharakisha mrushaji, mechi zimefupika kweli, angalia World Series, yaani fainali yao, ya mwezi wa kumi ukikuta imefika mechi ya saba. Hoki kile kisahani chao ni kidogo mno sikioni, ila ngumi naziona vizuri.

Kama unasoma hapa Julai au Agosti, umekuta pakavu, iliyopo ni besiboli na umbea wa usajili. Ligi ya helmeti inaanza mwanzoni mwa Septemba, wanafungua na mechi moja ya katikati ya wiki usiku wa manane kwetu, hiyo achana nayo, subiri Jumapili yake saa mbili usiku, chagua mechi yoyote yenye Packers au timu ya Mahomes, na pasi iwe imeshapata moto.