Somo: Seva ya ofisi izimike yenyewe na iwake yenyewe umeme ukikatika

Ofisi nyingi hapa Lubumbashi zimenunua onduleri (UPS, kisanduku cha batri kinachoshikilia umeme ukikatika), zimechomeka seva, na zinaamini kazi imekwisha. Haijaisha. Onduleri isiyounganishwa na seva kwa waya wa USB, bila programu ya kuisikiliza, inaahirisha ajali tu: batri ikikauka seva inaanguka vilevile, mara nyingi usiku, hakuna mtu. Waya wenyewe kwa kawaida bado uko kwenye boksi, umefungwa na plastiki yake.

Somo ni la ofisi ndogo: seva moja yenye Debian 12 (mfumo wa Linux), Samba ya kushirikisha mafaili, watumiaji 5 hadi 20, onduleri moja yenye tundu la USB. Fanyeni Jumamosi, wakati kontabu (mhasibu) hana faili wazi.

Hatua ya 1: Pigeni hesabu ya mzigo

VA, namba kubwa ya kwenye tangazo, si W, nguvu halisi inayobebwa. Onduleri iliyoandikwa 1500 VA mara nyingi inabeba W 900 tu. Soma kibandiko cha nyuma. Seva ndogo inakula kama W 120, swichi 10, ruta ya intaneti 15. Weka 150. Batri 2 za V 12 na Ah 9 ni Wh 216 kwenye karatasi, na 216 ukigawa kwa 150 unapata karibu saa moja na nusu. Usiiamini hesabu hiyo. Ah 9 hupimwa kwa kunyonya batri polepole muda wa saa 20; ukiinyonya ndani ya saa moja inatoa takriban asilimia 60, na onduleri nayo inapoteza sehemu kwa joto. Panga dakika 40 batri zikiwa mpya, na ukubali kwamba baada ya miaka 2 ya delestaji (mgao wa umeme) zinaweza kubaki nusu.

Swichi ikae kwenye prizi za batri pamoja na seva, la sivyo mwenye laptopu hataweza kuhifadhi faili lake umeme ukikatika. Imprimanti ya leza isikae hapo kabisa: inapopasha moto roli yake inavuta hadi W 1000 kwa mpigo, na onduleri inakata kila kitu.

Hatua ya 2: BIOS

Fungua BIOS, programu ya bodi inayotangulia mfumo seva ikiwaka, tafuta mpangilio wa «Restore on AC Power Loss» na uchague «Power On». Wengi wanachagua «Last State» wakidhani ni sawa. Si sawa. Seva ikizimwa kwa utaratibu, hali yake ya mwisho ni kuzimwa, kwa hiyo umeme ukirudi itabaki imezimwa mpaka mtu aje kubonyeza kitufe.

Hatua ya 3: Weka NUT, programu ya kuisikiliza onduleri

apt install nut
nut-scanner -U

Amri ya pili inakuonyesha draiva inayofaa. Onduleri za chapa kubwa hutumia usbhid-ups. Nyingi za bei nafuu zinazouzwa mjini hutumia nutdrv_qx. Katika /etc/nut/nut.conf andika MODE=standalone. Halafu /etc/nut/ups.conf:

[ups1]
driver = usbhid-ups
port = auto
offdelay = 20
ondelay = 120
ignorelb
override.battery.charge.low = 40

Mistari miwili ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Onduleri yenye batri iliyochoka inatangaza «batri imeisha» ikiwa imebaki na sekunde chache, na Debian haiwezi kufunga kila kitu kwa sekunde hizo. Kwa ignorelb unaiambia NUT isisubiri tangazo hilo, ifuate asilimia uliyoweka wewe. Nayo ondelay ya 120 inaichelewesha onduleri kurudisha umeme kwenye prizi zake, maana hapa umeme mara nyingi unarudi, unacheza dakika moja, unaondoka tena.

Kama draiva yako ni nutdrv_qx, angalia kwanza kama onduleri inatoa asilimia ya batri. Isipotoa, ongeza kwa batri mbili za V 12: default.battery.voltage.high = 26 na default.battery.voltage.low = 20.8, NUT ikadirie yenyewe.

Katika /etc/nut/upsd.users:

[mlinzi]
password = nenolasiri
upsmon primary

Na katika /etc/nut/upsmon.conf:

MONITOR ups1@localhost 1 mlinzi nenolasiri primary
SHUTDOWNCMD "/sbin/shutdown -h +0"
POWERDOWNFLAG /etc/killpower
NOTIFYCMD /sbin/upssched
NOTIFYFLAG ONBATT SYSLOG+EXEC
NOTIFYFLAG ONLINE SYSLOG+EXEC

Mstari wa POWERDOWNFLAG usiuruke. Fikiria umeme unarudi wakati seva iko katikati ya kujizima: inamaliza kuzima, onduleri haijawahi kukata, BIOS haijaona umeme ukirudi, na seva inakaa kimya hadi Jumatatu. Kwa alama hiyo NUT inaiamuru onduleri ikate prizi zake kidogo na kuziwasha tena, hata kama umeme umesharudi. Hapo BIOS inaona na kuwasha.

Washa upya mashine, kisha:

upsc ups1@localhost

ups.status ikisema OL, uko kwenye umeme wa kawaida. OB ni batri. Ukipata kosa lenye maneno «insufficient permissions», chomoa waya wa USB na uurudishe, au piga udevadm trigger. Tundu la USB lilitambuliwa kabla sheria za ruhusa za NUT hazijawekwa, hakuna kingine kilichoharibika.

Hatua ya 4: Saa ya kuhesabu

Katika /etc/nut/upssched.conf, kwa mpangilio huuhuu, kwa sababu PIPEFN na LOCKFN lazima zitangulie mistari ya AT:

CMDSCRIPT /usr/local/bin/zima-seva
PIPEFN /run/nut/upssched.pipe
LOCKFN /run/nut/upssched.lock
AT ONBATT * START-TIMER zima 600
AT ONLINE * CANCEL-TIMER zima

Na skripti /usr/local/bin/zima-seva (usisahau chmod 755):

#!/bin/sh
case "$1" in
zima) logger "dakika 10 zimekwisha, seva inazimwa"
/sbin/upsmon -c fsd ;;
esac

Kwa nini sekunde 600 tu wakati batri ina dakika 40? Kwa sababu batri hizi zinahitaji saa 6 hadi 8 kujaa tena. Ukizikausha saa nne asubuhi, umeme ukarudi saa tano na kuondoka saa sita, utakuwa na batri yenye robo tu, na hapo ndipo seva inaanguka. Dakika 10 zinamtosha mlinzi wa ofisi kuwasha gurupu (jenereta) na wenye laptopu kufunga mafaili. Mwenye ordinateri (kompyuta) ya mezani isiyo na onduleri tayari hafanyi kazi, kwa hiyo kumwekea seva hewani hakumsaidii.

Hatua ya 5: Jaribio

Kabla ya kujaribu, andika namba ya diski. Kwa diski ya kawaida: smartctl -A /dev/sda, mstari wa Power-Off_Retract_Count. Kwa NVMe: smartctl -a /dev/nvme0, mstari wa Unsafe Shutdowns.

Chomoa onduleri ukutani. Fuata kwa journalctl -f -u nut-monitor. Ndani ya sekunde chache utaona taarifa ya «on battery». Usiguse kitu dakika 10. Seva inafunga huduma, feni zinanyamaza, na baada ya sekunde kama 20 taa za swichi nazo zinazimika: hiyo ndiyo onduleri ikikata prizi zake. Taa za swichi zisipozimika, onduleri haikupokea amri ya kukata, rudi kwenye POWERDOWNFLAG. Chomeka tena, subiri dakika 2, seva iwake bila mkono wa mtu.

Kisha soma tena ile namba. Ikiwa ya Unsafe Shutdowns imeongezeka, onduleri ilikata mapema kabla diski haijafunga. Pandisha offdelay hadi 60, na ondelay ibaki kubwa kuliko offdelay. Angalia pia cat /proc/mdstat kama una RAID (diski mbili zinazobeba nakala ileile): [UU] ni nzima, [U_] diski moja imetoka.

Rudieni jaribio hili kila miezi 3. Batri hazitoi taarifa kabla ya kufa.

MASWALI YA WANACHAMA

Kontabu, Kamalondo: Umeme ukikatika na kurudi, faili la bajeti kwenye Excel linasema limefunguliwa na mtu mwingine, na huyo mtu ni mimi mwenyewe. Nafanyaje?

Dada, ordinateri yako ilizimika bila kuaga, na seva bado inadhani umeshika faili. Mwambie msimamizi apige smbstatus -L, atafute jina la faili na namba ya mchakato iliyo mbele yake, halafu kill namba hiyo. Baada ya hapo tu ndipo afute faili lililofichwa linaloanza na ~$ kwenye folda hiyohiyo. Akifuta ~$ kwanza wakati mtu mwingine kweli analo wazi, watu wawili wataandikiana juu. Ili lisijirudie, katika smb.conf sehemu ya [global] aweke:

socket options = TCP_NODELAY SO_KEEPALIVE TCP_KEEPIDLE=60 TCP_KEEPINTVL=10 TCP_KEEPCNT=5

Hapo seva inamwachia aliyepotea ndani ya dakika 2 hivi. Watumiaji wa LibreOffice, faili lenu la kufuta linaanza na .~lock.

Mwanachama, Likasi: Mkubwa, upsmon inakataa neno «primary».

Uko kwenye Debian 11 au ya nyuma zaidi, yenye NUT 2.7. Andika «master» mahali pote pawili, kwenye upsd.users na kwenye mstari wa MONITOR.

Mwanachama, Kampemba: Gurupu ikiwaka, onduleri inalia tik-tik, inaenda batri na kurudi kila sekunde chache. Mwishoni seva inaanguka ingawa nimeweka saa ya dakika 10.

Ndugu, hapa kuna mambo mawili. Gurupu ndogo ikibebeshwa mzigo inashuka chini ya Hz 50, na onduleri inaukataa umeme huo. Angalia input.frequency kwenye upsc kama yako inaitoa; fundi arekebishe mwendo wa injini wakati mzigo wa kawaida uko juu yake, si ikiwa tupu. Kama onduleri inaruhusu, punguza ukali wake kwa upsrw, input.sensitivity iwe low. Mtumiaji mlinzi atahitaji mstari wa actions = SET kwenye upsd.users.

La pili: kila inaporudi kwenye umeme hata kwa sekunde moja, CANCEL-TIMER inafuta hesabu yako na kuanza sifuri, huku batri inaendelea kuisha. Kwa hiyo saa peke yake haikulindi. Kinachokulinda hapo ni ile override.battery.charge.low = 40. Iweke.

Mwanachama, Katuba: Naweza kuunganisha batri ya gari ya Ah 70 ili nipate saa nyingi?

Usifanye. Chaja ya onduleri ndogo inatoa A 1 hadi 2. Batri ya Ah 70 itahitaji siku moja na nusu hadi tatu kujaa, na kwa delestaji yetu haitajaa kamwe. Sahani za batri ya gari ni nyembamba, zimetengenezwa kwa kuwasha injini, ukizikausha mara kadhaa zinakufa. Na onduleri yenyewe haikupangiwa kufanya kazi saa nyingi mfululizo, inachemka ndani. Batri ya maji nayo inatoa gesi inayolipuka ikichajiwa kwenye chumba kilichofungwa. Ukitaka saa nyingi, nunua inverta yenye chaja kubwa na batri za sola, halafu uache onduleri ndogo kati yake na seva kwa ajili ya waya wa USB.

Mwanachama, Kolwezi: Saa za Windows ziko nyuma saa moja. Tunazisogeza kwa mkono, kesho yake watu wanakataliwa kuingia kwenye domeni.

Windows imechukua majira ya Kinshasa, UTC+1. Sisi huku ni UTC+2. Mkisogeza saa kwa mkono bila kubadili majira, saa ya ndani ya UTC inakuwa imekosea saa nzima, na Kerberos, mfumo unaothibitisha wanaoingia kwenye domeni, kwa kawaida inavumilia tofauti ya dakika 5 tu. Rekebisheni majira yenyewe, saa iachwe ijisawazishe: tzutil /s "South Africa Standard Time" kwenye Windows, timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi kwenye seva. Kama saa inarudi miaka nyuma kila umeme ukikatika, hiyo ni betri ya CR2032 kwenye bodi. Ipime: mpya ina V 3 na kitu; ikiwa chini ya 2,8 ibadilishe.

Mwanachama, Ruashi: Radi ilipiga jirani. Onduleri nzima, seva nzima, lakini matundu 3 ya swichi na kadi ya rezo (mtandao) vimekufa.

Radi haikupitia umeme, ilipitia waya wa rezo unaotoka kwenye antena ya paa. Onduleri haiwezi kuuzuia mlango ambao haumo kwake. Weka kinga ya mawimbi ya PoE (waya wa rezo unaobeba pia umeme) pale waya unapoingia ndani, iungwe kwenye fimbo ya ardhini kwa waya mfupi na mnene, na utumie kebo yenye ngao nje ya nyumba. Kati ya majengo mawili, toa shaba uweke faiba. Kabla mvua za Novemba hazijakolea, chimbua uone kama fimbo ya ardhini bado imeshika waya wake. Mara nyingi kibano kimeliwa na kutu na waya unaning'inia tu.