Kupanda jedwali la muda kwenye Trackmania ukiwa na laptop ya kawaida na intaneti ya bando

Wachezaji wengi wa huku kwetu huanza na mbio za mtandaoni za kubanana na wengine. Seva iko Ulaya, gari la mpinzani linarukaruka kwenye skrini, na baada ya wiki moja mtu anaachana na mambo ya gemu za magari. Mbio za muda, ambako unashindana na saa badala ya kubanana na magari mengine, hazina kero hiyo. Kwenye Trackmania, gemu ya mbio za aina hiyo, gari lako linakokotolewa na kompyuta yako mwenyewe, na kinachotumwa mtandaoni ni matokeo ukishavuka mstari. Ping (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) ya Dar au Nairobi haikugusi. Halafu hakuna bahati nasibu ndani yake: ukibonyeza vitufe vilevile kwa wakati uleule, gari litafanya kilekile. Kwa hiyo aliye juu yako kwenye jedwali, yaani orodha ya muda bora wa kila mchezaji, amekuzidi kwa vidole tu, na alichofanya unaweza kukitazama na kukiiga.

Nazungumzia toleo la 2020 la studio ya Nadeo ya Ufaransa. Kuanza ni bure, ingawa toleo la bure lina mipaka yake. Kila baada ya miezi mitatu unakuja msimu mpya wa treki 25, kuanzia nyeupe za wanaoanza hadi nyeusi, ambazo ni balaa.

Hatua ya 1: Tayarisha mashine

Shusha ubora wa picha mpaka fremu (picha zinazochorwa kwenye skrini kila sekunde) zitulie. Vivuli na mwangaza wa kupendeza havikusaidii kitu. Fremu zikiyumba katikati ya kona, kidole nacho kinachelewa. Zima V-Sync (mpangilio unaolinganisha fremu na kasi ya skrini), kwa sababu inaongeza ucheleweshaji kati ya kitufe na skrini. Na usikimbilie kununua usukani. Kibodi inatosha kabisa, hata miongoni mwa wachezaji wakubwa wapo wanaoitumia. Pedi ya gemu (gamepad) ni nzuri pia. Chagua kimoja ubaki nacho.

Hatua ya 2: Kusanya dhahabu kwanza

Kila treki ina medali ya shaba, fedha, dhahabu na ya mtengenezaji wa treki. Usikae siku tatu kwenye treki moja ukisaka ya mtengenezaji wakati nyingine hujaziona. Zunguka zote, chukua dhahabu pale inapopatikana, ndipo urudi.

Hatua ya 3: Chagua kivuli cha kumfukuza

Kivuli ni gari la mchezaji mwingine linalorudia mbio zake mbele yako, bila kukugonga. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanafungua jedwali, wanawasha kivuli cha bingwa wa dunia, na ndani ya sekunde tano kimeshapotelea mbele. Huwezi kujifunza kwa mtu usiyemwona. Washa kivuli cha aliyekuzidi kwa moja au mbili ya kumi ya sekunde. Gari lake litakuwa palepale mbele yako, na utaona kona hasa anayokuachia. Ukimpita, panda kwa anayefuata. Jedwali lina ngazi ya dunia, ya bara na ya nchi, kwa hiyo anza kuwatafuta wa nchini mwako.

Angalia pia namba zinazotokea kwenye kila kituo cha njiani. Bluu maana yake umetangulia muda wako bora, nyekundu umechelewa. Ukiwa nyekundu kwenye kituo kilekile kila mara, shida haiko kwenye treki nzima, iko kabla tu ya kituo hicho.

Hatua ya 4: Kona inapimwa pale unapotoka

Chukua kona ya kulia inayofuatwa na njia nyoofu ya mita 200. Ukiipita njia hiyo kwa wastani wa kilomita 250 kwa saa, utatumia sekunde 2.88. Kwa wastani wa 260, ni 2.77. Umeokoa zaidi ya moja ya kumi ya sekunde bila kufanya lolote la kishujaa kwenye hiyo njia. Ulichofanya ni kutoka vizuri tu. Kwa mwendo huo, moja ya kumi ni takriban mita saba. Kwenye treki fupi, ndani ya mwanya huo wamejazana watu kibao.

Sasa tazama namna ya kuipata. Sogea ukingo wa kushoto mapema. Badala ya kushika breki dakika za mwisho, achia mafuta kidogo kabla ya kona, ingia, gusa ukingo wa ndani, kisha liache gari lipanuke lenyewe kuelekea nje huku umekandamiza mafuta hadi mwisho. Muhimu zaidi: nyoosha usukani haraka iwezekanavyo. Magurudumu ya mbele yakiwa yamepinda, mwendo unaliwa. Kwenye kibodi usukani ni sifuri au asilimia mia, basi bonyeza kwa vipande vifupi, usikandamize. Vipo pia vitufe vya kupunguza ukali wa usukani. Vitengee nafasi karibu na vidole, utavihitaji kwenye barafu.

Hatua ya 5: Jua unakanyaga nini

Lami, udongo, nyasi, plastiki na barafu kila kimoja kina tabia yake. Kwenye udongo gari linateleza lenyewe, usiligombeze. Kwenye lami, mwendo ukizidi kilomita 400 kwa saa, kuteleza kwa pembe ndogo kunaliongezea gari kasi kuliko kwenda moja kwa moja. Ni ufundi unaochukua muda, na kabla hujafika treki nyekundu (ngumu, zilizo kabla ya nyeusi) sioni haja ya kuhangaika nao. Angani, gusa breki: mzunguko wa gari unakatika na unatua sawasawa. Hilo jifunze leo.

Hatua ya 6: Acha kuanza upya ovyo

Kitufe cha kuanza upya ni kitamu mno. Anayekibonyeza kila anapokosea kona ya kwanza huwa bingwa wa kona ya kwanza. Mazoezi yawe ya kumaliza treki hata ikiwa mbovu. Kusaka rekodi ndio wakati wa kukata mapema.

Na programu za kupunguza mwendo wa gemu, achana nazo. Mwaka 2021 uchambuzi wa mibonyezo iliyohifadhiwa kwenye faili za marudio (rekodi za mbio zenyewe) uliwaumbua wenye rekodi kubwa za matoleo ya zamani waliozitumia.

Hatua ya 7: Jipime na watu

Kila siku saa moja jioni ya Paris hutoka treki mpya, na hapohapo huanza kombe la siku. Kwa Afrika Mashariki ni saa tatu usiku Ulaya ikiwa kwenye majira ya baridi, na saa mbili usiku wakati wa kiangazi. Kuna dakika 15 za kufuzu, kisha wachezaji wanagawanywa makundi ya watu 64 kulingana na muda, na mchujo unaanza. Katika dakika tatu za kwanza weka muda wowote salama, hata kama ni wa aibu. Ndipo uanze kuhatarisha kona.