Jebel Akhdar hadi Wahiba: kagua gari kabla ya kulipa

Mkichukua dereva wa kuwaongoza Oman kwa siku tatu nne, ulizeni kwanza ni gari gani. Polisi pale Birkat al-Mouz, chini ya mlima, hawaruhusu gari lisilo 4x4 kupanda mlima wa Jebel Akhdar, ingawa barabara ni lami tupu. Shida iko kwenye kushuka. Kutoka uwanda wa Saiq, kama mita 2,000 juu, breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, zikanuka, mwisho hazishiki. Dereva ashuke na gia ya 1 au ya 2, breki aguse tu na kuachia.

Mchanga wa Wahiba, lile jangwa la Oman, una mambo yake. Kabla ya kuingia, hapo mji wa Bidiyah, tairi zishushwe upepo hadi psi 15–18 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Gari likianza kuzama, aachie mafuta papo hapo. Akizidisha, magurudumu yanachimba na chesi inalala mchangani. Arudi rivasi taratibu kwenye alama zake mwenyewe.

Mkifika lami, tairi zijazwe upepo tena. Tairi laini kwenye mwendo wa kasi huchemka ubavuni, ikapasuka. Kwa hiyo mwambieni awaonyeshe pampu. Akisema iko kambini, tafuteni mwingine.