Diski ya bloku au folda ya mtandao? Chagua kabla hujaandika msimbo

Diski ya bloku ni safu ya vipande vyenye namba, kila kimoja baiti 512 au 4096. Haijui faili wala folda. Majina na ruhusa huletwa na mfumo wa faili, kama ext4 au XFS. Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: mfumo wa faili uendeshwe na mashine yako, au na seva nyingine inayokugawia folda kupitia NFS, itifaki ya kushiriki faili mtandaoni?

Hatua ya 1: Hesabu mashine zitakazoandika

Ikiwa ni moja, chukua bloku. Zikiwa mbili au zaidi, chukua NFS.

Usithubutu kupachika (mount) diski moja ya ext4 kwenye mashine mbili ukidhani zitashirikiana. Mimi nilithubutu. Faili niliyoandika upande mmoja haikuonekana upande wa pili, nikadhani inachelewa tu. Kumbe kila kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inatunza kwenye kumbukumbu yake orodha ya vipande vilivyo wazi, wala haiulizi mwenzake. Zote mbili ziliandika juu ya kipande kilekile, na fsck, zana ya kukarabati mfumo wa faili, ikaniachia lundo la faili zisizo na majina ndani ya `lost+found`.

Hatua ya 2: Tazama aina ya faili

Hifadhidata iweke kwenye bloku. PostgreSQL huandika kurasa za KB 8 na kusubiri fsync, amri inayohakikisha data imefika diskini, ijibu. Hutaki mtandao uwe katikati. SQLite juu ya NFS iepuke kabisa, kufuli zake za faili haziaminiki huko.

Msimbo wenyewe pia ni bloku. `git status` hukagua faili moja baada ya nyingine, na `node_modules`, folda ya maktaba za JavaScript, inazo maelfu. Picha wanazopakia watumiaji, zinazosomwa na seva kadhaa, hizo ndizo za NFS.

Hatua ya 3: Fomati na upachike

```
lsblk -f
sudo mkfs.ext4 /dev/sdb
sudo mkdir -p /data
sudo mount /dev/sdb /data
```

Soma jibu la `lsblk` kwa makini, maana mkfs inafuta. Kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kupachikwa mashine inapowaka, tumia UUID (kitambulisho cha kipekee cha mfumo wa faili), si `/dev/sdb`, kwa kuwa jina hilo linaweza kubadilika mashine ikiwashwa upya. Ongeza `nofail`, la sivyo diski ikikosekana mashine inaweza kugoma kuwaka.

Hatua ya 4: Kagua inodi

Kila faili huhitaji inodi, yaani rekodi ya taarifa zake. Kwa kawaida ext4 hutenga inodi moja kwa kila baiti 16384, na idadi hiyo haiongezeki mpaka diski yenyewe ipanuliwe. GB 10 hukupa takriban faili 655,000. Siku utakapoambiwa nafasi imekwisha huku `df -h` ikionyesha nusu iko wazi, endesha `df -i`. Ukijua mapema kwamba faili zako ni ndogondogo, fomati kwa `-i 4096`, au tumia XFS, ambayo hutengeneza inodi kadiri zinavyohitajika.