Namna ya kufuatilia rangi ya mtu ilivyogeuzwa bei ya nyumba Marekani

Kwa familia nyingi za Marekani, mali kubwa kuliko zote ni nyumba. Kwa hiyo anayetaka kuona jinsi ubepari na ubaguzi wa rangi vinavyolishana aanzie hapo. Makaratasi mengi yako wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Chagua mji mmoja, tuseme Detroit au Chicago, utenge jioni mbili.

Anza na ramani. Kati ya 1935 na 1940, shirika la serikali la mikopo ya nyumba lililoitwa HOLC lilipanga mitaa ya miji zaidi ya 200 katika madaraja manne: A kijani, B buluu, C njano, na D nyekundu, yaani "hatari". Chuo Kikuu cha Richmond kimeweka ramani hizo mtandaoni bure. Usiishie kwenye rangi. Bofya mtaa ufungue fomu yake. Utakuta inauliza kazi za wakazi, asilimia ya wahamiaji, kama kuna watu weusi na ni wangapi, na ni kundi gani "linapenya" mtaani. Kisha soma umri wa majengo, hali yake na bei. Tafuta mitaa miwili ambayo nyumba zake zinafanana kwa umri na hali, ila wakazi ni tofauti, ulinganishe madaraja. Hapo ndipo utaona mtu mweusi akihesabiwa kama kasoro ya nyumba, sawa na paa linalovuja.

Wengi hukosea kwa kuibebesha ramani lawama zote. HOLC ilianza 1933, na mikopo yake mingi ilikwisha kutolewa kabla ya ramani kukamilika, mingine ndani ya maeneo mekundu. Mkono mzito zaidi ulikuwa wa FHA, shirika la serikali la nyumba lililoundwa 1934. Yenyewe haikukopesha, ilikatia bima mikopo ya benki. Kabla yake, mnunuzi mara nyingi alitakiwa kuwa na karibu nusu ya bei mkononi na kumaliza deni ndani ya miaka michache. Kwa bima hiyo kianzio kilishuka hadi asilimia 20, na deni likatandazwa miaka 20. Nyumba ya dola 5,000 ikahitaji 1,000 badala ya 2,500. Lakini mwongozo wa FHA ulitaka mitaa ikingwe dhidi ya jamii "zisizopatana", ukasifu masharti ya rangi kwenye hati za nyumba.

Detroit kuna ushahidi wa kugusa kwa mkono. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alitaka bima hiyo kwa nyumba za wazungu zilizopakana na mtaa wa weusi. Akajenga ukuta wa zege: urefu karibu nusu maili, kimo futi 6, unene futi 1. Bado umesimama. Mtu angeweza kuuzunguka kwa miguu. Aliyepaswa kuridhishwa ni mkadiriaji wa hatari.

Hatua inayofuata ni hati. Ofisi ya kumbukumbu ya kaunti huzitunza. Tafuta za miaka ya 1920 hadi 1940, usome masharti yanayokataza kuuzia asiye mzungu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia utekelezaji wake 1948, ila maneno yamebaki kwenye nyingi.

Ukifanya Chicago, tafuta mauzo ya mkataba ya miaka ya 1950 na 1960. Aliyenyimwa mkopo alinunua kwa awamu moja kwa moja kutoka kwa mlanguzi, kwa bei iliyopandishwa, na hati ikabaki kwa muuzaji hadi dola ya mwisho. Akikosa mwezi mmoja angeweza kufukuzwa, na yote aliyolipa yakapotea. Nyumba inauzwa upya. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana ubaguzi haukumfukuza mteja sokoni. Ulimfungia mlango wa bei nafuu ili auziwe ghali. Mtindo huo haukufa. Mwaka 2012 Wells Fargo ilikubali kulipa dola milioni 175, bila kukiri kosa, kumaliza tuhuma kwamba wakopaji weusi na Walatino walitozwa zaidi au kusukumwa kwenye mikopo ghali.

Malizia na takwimu za leo. Sheria ya HMDA ya 1975, ya uwazi wa mikopo ya nyumba, inazilazimu benki nyingi kutangaza maombi ya mikopo. Pakua takwimu za kaunti ya mji uliouchagua, uchuje ununuzi wa nyumba ya kuishi mwenyewe. Kila ombi lina namba ya matokeo: 1 mkopo ulitolewa, 2 uliidhinishwa ila mwombaji hakuuchukua, 3 ulikataliwa. Kwa kila kundi la rangi, gawanya idadi ya namba 3 kwa jumla ya namba 1, 2 na 3. Usijumlishe 4 na 5, yaani maombi yaliyoondolewa au yasiyokamilika, la sivyo kiwango cha kukataliwa kitashuka kwa uongo. Linganisha watu wa kipato kilekile, na uunganishe miaka mitatu, kwa sababu eneo moja la sensa huwa na maombi machache mno. Alama ya mkopo ya mwombaji, yaani namba inayopima anavyolipa madeni, haitolewi kwa umma, hivyo tofauti utakayoipata haitoshi kuishtaki benki fulani. Ukishapata viwango, viweke juu ya ramani ya zamani, eneo kwa eneo.