Unajenga Kigoma na kiwanjani kuna mwembe? Soma hii kabla fundi hajaanza msingi

Mwembe wa kwetu Gungu haukukatwa na mtu. Naanza na hilo maana ukisema kulinda mti watu wanawaza panga na msumeno tu, kumbe ule wetu ulikufa umesimama. Nyumba tuliezeka, mwaka uliofuata majani ya kileleni yakaanza kupukutika, mwaka wa pili maembe yakatoka madogo kama ndimu, wa tatu ukawa kuni. Ndo tukakaa kukumbuka mafundi walikuwa wanakorogea zege wapi. Chini ya mwembe, si ndo kwenye kivuli!

Sasa tumalize kwanza ya serikali maana hayo yana foleni. Ukiwa ndani ya manispaa ya Kigoma Ujiji unatakiwa kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi, na kibali kinaenda na ramani, kwahiyo pa kuokolea mti ni kwa mchora ramani. Mpeleke kiwanjani, mwambie aweke kila mti kwenye ramani ya kiwanja na umbali wake toka mpakani. Wengi wanachora nyumba katikati ya karatasi nyeupe utadhani kiwanja ni uwanja wa mpira, alafu siku ya kupiga kamba chumba cha watoto kinaangukia kwenye shina. Kusogeza nyumba mita mbili kwenye karatasi ni dakika chache, ila kibali kikishatoka ni kurudi tena ofisini.

Kama kweli lazima ukate, hati kuwa na jina lako haimalizi kila kitu. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu miti fulani kulindwa kwa aina yake hata ikiwa nje ya hifadhi, mvule na mninga ndo hiyo, unataka kibali kwanza. Mwembe, mparachichi au mchikichi wa kupanda ni habari tofauti, ila halmashauri nazo zina sheria ndogo zake, kwahiyo anza kwa mwenyekiti wa mtaa, nenda kwa afisa misitu wa manispaa, na omba jibu kwa maandishi. Lile jibu la mdomo la "we kata tu" siku akija mwingine kuuliza utakuta halina mwenyewe. Na gogo likishapanda gari kwenda kuchanwa mbao limekuwa zao la msitu, utatakiwa hati ya kusafirishia, ile watu wanaita TP. Kibali cha kukata ni kimoja na TP ni nyingine, usije ukakwama njiani na Fuso ya watu.

Wa ziwani, yani Kibirizi, Katonga na kule kote, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ufukweni pasiwe na shughuli za kudumu. Miti iliyo ndani ya mita hizo usiihesabu kwenye mahesabu ya nyumba kabisa.

Kingine ni cha kwetu zaidi. Ukinunua kiwanja chenye michikichi andikeni kwenye mkataba kwamba miti imeuzwa pamoja na ardhi, maana utajikuta umeanza ujenzi, anakuja shangazi wa muuzaji na kikapu anasema mchikichi aliachiwa na marehemu. Mti wa mpakani pia usiuguse mpaka ukae na jirani, mwenyekiti awepo. Matawi yanayogusa nyaya za umeme waite TANESCO.

Haya, sait sasa.

Chukua kamba ya katani, zungushia shina usawa wa kifua, kata hapo hapo. Ikunjue chini kuanzia kwenye shina, iendeleze mara nne kwa mstari mmoja, chomeka kijiti. Zunguka mti mzima hivyo hivyo. Shina lenye mzunguko wa sm 150 linakupa mita 6 kila upande, na huo ni karibu na ule upana wa shina mara 12 ambao wataalamu wa miti wanautumia. Utashangaa eneo lilivyo kubwa, fundi atashangaa zaidi. Wengi tunadhani mizizi imekwenda chini kama shimo la choo, wakati mingi ya kunyonya maji iko juu juu, ndani ya sm 60 za mwanzo, na imetambaa mpaka nje ya kivuli.

Hapo weka uzio, na uweke kabla gari la kwanza halijaingia. Mabanzi, bati kuukuu, matete, chochote kigumu cha kumzuia mtu na toroli. Utepe wa plastiki hausaidii, siku ya pili umefungiwa mzigo wa nondo. Mimi nyumba ya pili, Buzebazeba, nilipofunga mabanzi fundi akacheka akaniuliza, "Bosi, huu mti umeuoa?" Nikamwambia fundi cheka tu ila kwenye makubaliano yetu andika, toroli ikiingia humo nakata elfu kumi. Nilikata mara moja. Hakukuwa na ya pili.

Ndani ya uzio hakuingii kitu. Hakuna mchanga, kokoto wala tofali, maana uzito unashindilia udongo mpaka maji na hewa havipiti. Usikoroge zege humo wala kuosha makarai, maji ya saruji yanageuza udongo kama wa chokaa na mizizi haipendi. Mama lishe na mafiga yake mpe kivuli kingine cha turubai, moto kwenye shina unaunguza gamba la upande mmoja na upande ule ndo unaanza kufa. Misumari ya kutundikia mashati pia hapana. Na oili chafu ya kuua mchwa! Naelewa mchwa wa huku, lakini watu wanaimwaga kwenye msingi wote kama wanapiga deki, alafu mti ulio mita moja toka hapo mnategemea ule nini?

Kama unafyatulia matofali hapo hapo kiwanjani, shimo la udongo na tanuru viende kona ya mbali kabisa na mti, hili sina mjadala nalo.

Msingi au ukuta wa fensi ukilazimika kupita kwenye mizizi, usichimbe mtaro mzima. Weka nguzo, katikati pitisha mkanda wa zege juu ya ardhi, mizizi ipite chini. Mashimo ya nguzo chimbeni kwa mkono, taratibu, mkikuta mzizi mnene kama mkono hamisheni shimo. Mdogo ukibidi kukatwa ukatwe kwa msumeno, mkato safi, sio kuchanwa kwa sururu, alafu funika na gunia lililoloa mpaka mfukie.

Na hii milima yetu bwana. Kusawazisha kiwanja kumeua miti mingi kuliko panga, upande wa juu unachonga mizizi inabaki inaning'inia, upande wa chini unamwaga udongo ule ule mpaka kiunoni mwa mti. Tazama shina pale linapoingia ardhini, linatakiwa litanuke kama mguu wa tembo. Ukiliona limezama wima kama nguzo ya umeme ujue limefukiwa, toa udongo ule kwa mkono. Ukitaka tuta, jenga kaukuta ka mawe nje ya uzio wako.

Mchikichi una mambo yake kidogo, kidonda cha shina hakifunikwi na gamba jipya kama cha mwembe, kitabaki vile vile miaka yote, na unakulia sehemu moja tu kileleni, ukikata pale umeua.

Nyumba ikiisha usiondoe uzio siku ile ile, rangi na usafi wa mwisho bado una ndoo za kumwaga. Kiangazi cha kwanza na cha pili, Juni mpaka mvua zirudi, mwagia maji mengi mara moja kwa wiki huko kwenye ukingo wa kivuli, shinani acha, na majani yaliyodondoka usiyafagie ukayachoma, yaache pale pale chini ya mti.